Vitamini D kwa tuliohamia kwenye baridi: soma chupa kwanza

Hii naiandika baada ya kukaa na wifi yangu saa mbili nzima mezani, chupa mbili mbele yetu na mtoto analia, tunabishana ampe matone mangapi. Kaja Leeds, Uingereza, mwezi wa kumi na moja akitokea Tanga, mtoto ana miezi minne, kaambiwa kliniki "mpe vitamini D kila siku" basi, hakuna aliyemuonyesha. Mimi nasimama kaunta ya famasi mwaka wa sita sasa na hili swali kila winta lazima lije.

Hatua ya 1: achana na jua la dirishani

Ngozi inatengeneza vitamini D ikipigwa na mionzi ya UVB, na hiyo UVB haipenyi kioo, kwahiyo kukaa sebuleni jua linaingia ni kuota joto tu. Hapa Uingereza kuanzia oktoba mpaka mwanzo wa machi jua liko chini mno hata ukitoka nje hamna kitu. Angalia kivuli chako saa sita mchana, kikikuzidi urefu ujue siku hiyo unaambulia kidogo sana. Na sisi weusi melanini, yaani rangi ya ngozi, inazuia sehemu ya mionzi, kwahiyo hata kiangazi tunahitaji muda mrefu kuliko jirani mzungu, na mama anayevaa buibui ndo kabisa. Ndio maana NHS, huduma ya afya ya umma ya hapa, inawashauri watu kumeza vitamini D winta, ila wenye ngozi nyeusi na wanaojifunika wafikirie mwaka mzima.

Chakula? Vibua na dagaa vinasaidia, kiini cha yai kidogo. Chai ya maziwa haisaidii, maziwa ya kawaida ya hapa hayaongezwi vitamini D kama ya Marekani.

Hatua ya 2: nunua D3

Vitamini D ina aina mbili, D2 na D3. Sio D2, D3 inapandisha kiwango vizuri zaidi. Kapsuli laini nyingi ganda lake ni jelatini na inaweza kuwa ya nguruwe, kwahiyo kama unajali tafuta iliyoandikwa halali au chukua kidonge kikavu. Mimi ni mtu wa vidonge vikavu vya bei rahisi vya supamaketi. Zile za kutafuna kama pipi sizitaki nyumbani kwangu, mtoto akigundua kopo lilipo limeisha. Mafuta ya ini la samaki mjamzito asiguse, yana vitamini A nyingi.

Hatua ya 3: soma kipimo (hapa usikimbie)

Kwenye lebo kuna vipimo viwili, maikrogramu, yaani mcg au µg, na IU. Maikrogramu 1 ni IU 40. Mtu mzima anatakiwa maikrogramu 10 kwa siku, yaani IU 400. Sasa mtu akisikia "kumi" akaona kwenye kopo 1000 anashtuka anadhani ni sumu, kumbe IU 1000 ni maikrogramu 25 tu, na mtu mzima asivuke maikrogramu 100 kwa siku, yaani IU 4,000, labda daktari aseme. Mtoto wa mwaka 1 mpaka 10 asivuke maikrogramu 50, chini ya mwaka asivuke maikrogramu 25.

Balaa lingine ni kapsuli za IU 50,000 ambazo ndugu wanatuletea kutoka Dubai. Hizo ni dozi ya tiba, kawaida moja kwa WIKI, kwa wiki chache tu, na daktari anajua. Kaka yangu alikula moja kila siku siku tisa mfululizo ndo ananiuliza "hivi ni kutwa mara moja eeh?" Tukamkimbiza kupima kalsiamu, bahati ilikuwa sawa. Ikizidi inapandisha kalsiamu kwenye damu, unapata kichefuchefu, kiu, kukojoa sana, figo zinaumia.

Halafu matone ya mtoto, hapa ndo zile saa mbili ziliishia. Chupa ya kwanza ya wifi ilikuwa na bomba, dozi ni mililita 1. Ya pili, kampuni nyingine, dozi ileile iko kwenye tone MOJA. Yeye alishazoea kujaza bomba, akataka kuvutia ya pili mpaka mililita 1, hayo ni zaidi ya matone 20 kwa mkupuo! Sio yeye tu, mwaka 2010 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu kosa hilihili la vibomba. Kwahiyo bomba la chupa moja usilitumie kwa nyingine, ukinunua mpya soma upya. Ya wifi tumeiandika kwa makapeni TONE 1. Na kama mtoto anakunywa maziwa ya kopo mililita 500 au zaidi kwa siku hahitaji matone, yameshawekwa humo.

Hatua ya 4: meza na chakula chenye mafuta kidogo. Basi.

Hatua ya 5: nani aanze kwa daktari

Mwenye ugonjwa wa figo, aliyewahi kuwa na mawe ya figo, anayekunywa digoxin (dawa ya moyo) au dawa za presha za kukojoza. Mifupa ikiuma au misuli ikilegea pia nenda upimwe. Majibu ya hapa yanakuja kwa nmol/L, chini ya 25 ni upungufu, 50 kwenda juu wengi wanatosha. Dada yako akipimwa huko nyumbani Tanzania akakwambia "nina 20" muulize kipimo gani, ikiwa ni ng/ml zidisha mara 2.5, hiyo 20 yake ni 50 yako.