Kupima uwezekano wa mambo mawili kutokea pamoja, kwa daftari la safari

Mpwa wangu anapakia viazi Uyole, Mbeya, kupeleka Dar, na juzi tulikaa kupiga hesabu ya mzigo unaotegemea mambo mawili: gari liwahi kabla ya alfajiri, na bei iwe nzuri. Tulifanya hivi.

1. Kila sharti lipe safu yake. "Bei nzuri" iandike kwa shilingi kwa gunia, na useme kama ni lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo) au la, maana bila hivyo mtabishana.

2. Weka tiki kwa safari zilizopita. Tumia daftari, achana na asilimia za kukisia. Tuseme safari 20: gari limewahi 12, bei nzuri 10.

3. Hesabu mistari yenye tiki mbili. Hapa ndipo watu wengi hukwama. Safari yenye tiki mbili tayari imo ndani ya zile 12 na imo ndani ya zile 10, kwa hiyo haziwezi kuzidi 10 hata iweje. Shida ni kwamba maelezo yakiongezeka, habari inanoga. "Mvua itachelewesha malori mlima Kitonga na bei itapanda" inaaminika kuliko "bei itapanda" tupu, wakati hiyo tupu imebeba kupanda kwa sababu yoyote ile.

Mwaka 1983 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman waliwasimulia watu habari za Linda, msomi anayechukia ubaguzi. Asilimia 85 hivi wakaona ni rahisi zaidi awe karani wa benki na pia mtetezi wa haki za wanawake, kuliko awe karani wa benki, kosa lilelile, maana kila karani mtetezi tayari ni karani. Kwenye swali jingine, la afya, walipouliza kwa idadi, kati ya watu 100 ni wangapi, makosa ya aina hiyo yalipungua sana. Ndiyo maana nang'ang'ania daftari.

Usikimbilie kuzidisha. 12/20 mara 10/20 inatoa safari 6 kati ya 20, ila ni sawa tu kama kuwahi na bei havihusiani. Vinahusiana: barabara ikiwa nzuri kila fuso linawahi, viazi vinajaa sokoni, bei inaanguka. Kwa tarakimu hizi, tiki mbili zinaweza kuwa popote kati ya 2 na 10. Zihesabu. Zikiwa 4, maana yake gari likiwahi, bei nzuri imepatikana mara 4 kati ya 12.

4. Sharti la tatu, mfano mnunuzi alipe taslimu, lipe safu mpya. Idadi itabaki ileile au itapungua. Kama marejesho ya mkopo wa mbolea yanategemea yote matatu, yapange kwa idadi hiyo ya mwisho.