Kumpata mbunifu wa kweli wa ugavi wa dawa: anzia stoo

Wiki iliyopita dada mmoja anayefanya kazi na watoa ruzuku aliniomba nimsaidie kuchuja maombi ya vijana wenye mifumo ya kusambaza dawa. Mimi ni mfamasia wa stoo, kwa hiyo nina upendeleo wangu na siufichi.

Hatua ya 1. Chagua tatizo moja. Dawa kuisha zahanati, chanjo kuharibika njiani na dawa bandia ni mambo matatu tofauti.

Hatua ya 2. Kusanya majina. Mashindano yatakupa walewale kila mwaka. Wapigie wafamasia wa wilaya uwaulize: mfumo wa nani ukizimwa leo mtalalamika?

Hatua ya 3. Nenda stoo. Slaidi sizisomi kabla ya hapa. Kituo chagua mwenyewe, na siku usiitaje kwa mwenye mfumo (ruhusa ya mganga mkuu wa wilaya ichukue mapema, la sivyo utaishia getini). Chukua dawa tano, mathalani ALu (ya malaria), amoksilini, ORS (chumvi za kuhara), oksitosini (ya wazazi, huzuia kuvuja damu) na moja isiyotoka sana. Kila moja iandikie namba tatu: ya mfumo, ya leja, na uliyohesabu mwenyewe rafuni. Tumia daftari na kalamu. Simu huisha chaji.

Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima. Mfumo wa kijana mmoja ulisema ALu 120. Rafuni boksi 4. Nikahesabu upya, nikafungua makabati, nikamsumbua nesi wa zamu. Jioni nilikuwa nimeshaandika "mwongo" pembeni mwa jina lake, ndipo mtunza stoo akaniuliza kwa upole, "Dokta, kwani boksi moja lina dozi ngapi?" Thelathini. Mfumo ulihesabu dozi, mimi nahesabu boksi. Aibu yangu.

Basi kwanza uliza kipimo: tembe, dozi, boksi au kopo? Pili, taarifa ziliingizwa lini mara ya mwisho? Pasipo na mtandao huingizwa kwa mkupuo. Tatu, dawa zilizokwisha muda zinahesabiwa kama zipo? Tofauti ndogo isikutishe. Mimi huogopa namba zinazolingana kabisa kwa dawa zote tano.

Hatua ya 4. Mtazame mtunza stoo akiutumia. Mradi wa SMS for Life ulijaribiwa Tanzania mwaka 2009 katika wilaya tatu, vituo vikiripoti akiba ya dawa kwa ujumbe mfupi tu wa simu ya kawaida. Vituo vilivyoishiwa angalau aina moja ya dawa ya malaria vilishuka kutoka asilimia 78 hadi 26 katika wiki 21. Kwangu, mfumo unaodai kishikwambi kipya unaanza na alama pungufu.

Hatua ya 5. Nani atalipa ruzuku ikiisha? Kampuni ya Zipline ilipoanza kupeleka damu kwa droni Rwanda mwaka 2016, mteja alikuwa serikali.

Hatua ya 6. Muulize alichokitupa. ColaLife, shirika la Uingereza lililofanya kazi Zambia, lilibuni kifurushi cha dawa za kuhara kinachokaa kati ya chupa ndani ya kreti za Coca-Cola. Wenye maduka wengi hawakukibeba kwenye kreti. Walikinunua kama bidhaa nyingine yoyote, wakakibeba walivyoweza. Wenyewe wakalisema hadharani na kuacha wazo la kreti. Anayekujibu "hatujawahi kubadili kitu" mweke kando.

Utabaki na majina matatu au manne. Masika ikikata barabara, wapigie tena watunza stoo walewale.