Jinsi ya kuunda chromatini kwa kamba na vizibo, aktini ndani yake

Nafundisha tuisheni ya baiolojia huku Sinza, na kila nikifika kwenye ile protini ya aktini wanafunzi wanajibu kwa pamoja "misuli!", sawa si uongo, ila ukiwaambia ipo pia ndani ya kiini cha seli, inasaidia kuamua jeni gani ifunguke, wanakuangalia kama umeanza kuchanganyikiwa. Nikaacha kuchora ubaoni, siku hizi tunaunda chromatini, yaani DNA ikiwa imezungushwa kwenye protini zake.

Vitu vyenyewe: kamba ya manila mita 4, unene kama penseli, Kariakoo ipo tele. Vizibo vya soda 30, grosari yoyote wanakupa bure. Gundi, uzi wa kushonea, selotepu ya rangi mbili na maharage machache makubwa, basi.

Gundisha vizibo viwiliviwili, upate 15. Kila kimoja ni kifurushi cha protini 8 za histoni. Kizungushie kamba raundi moja na zaidi ya nusu, hapo pamekaa kama herufi 147 za DNA, acha sentimita 7 hivi halafu nenda kingine. Hiyo ndo nukleosomu. Bandika na vipande vya uzi vining'inie, ni mikia ya histoni, usiiruke maana shughuli karibu yote iko kwenye mikia.

Kabla hujaendelea wape skeli, hapa ndo darasa huwa linanyamaza. Kwa ukubwa huu, DNA yote ya seli moja, ile mita 2 tunayoisema kila siku, ingekuwa kamba ya zaidi ya kilomita 7,000, yaani unaitandaza kutoka Dar mpaka Cairo na bado inabaki nyingi, na hiyo yote unaiingiza kwenye ukumbi wa upana wa mita 25 kwa sababu kiini cha limfosaiti (chembe nyeupe ya damu) ni kidogo hivyo. Sasa kwenye rundo hilo tafuta jeni moja, haraka, mdudu kashaingia mwilini.

Selotepu ya kijani ni asetili, kikemikali kidogo. Ukiibandika kwenye mkia, ile chaji chanya inayoshikana na DNA inapungua, kamba inalegea. Kuna vimeng'enya vya kubandika na vya kubandua. Nyekundu ni methili, kikemikali kingine, na hapa watu wengi wanapotea, methili haibadilishi chaji, ni kibango tu cha kusomwa na wengine, na maana yake inategemea kimebandikwa wapi: methili tatu kwenye lisini (asidi amino) iliyo nafasi ya 4 kwenye mkia wa histoni H3 mara nyingi utazikuta mwanzo wa jeni inayofanya kazi, tatu kwenye lisini ya nafasi ya 27, kazi ya kimeng'enya EZH2 hiyo, ni "hapa pamefungwa".

Lakini vibango havisogezi kizibo. Anayesogeza ni BAF, mashine ya protini nyingi inayotumia ATP, nishati ya seli (bila luku haiendi), na mwanafunzi mmoja awe BAF kwa mkono wake. Mpe haragwe moja alishike kwenye kiganja. Hiyo ni beta-aktini, na iko moja moja, sio mnyororo kama wa kwenye misuli, imekaa pembeni ya protini ndugu yake, ARP4. Mwambie asogeze vizibo mpaka kipande cha kamba kibaki wazi. Kisha mnyang'anye haragwe na mkono aurudishe nyuma: seli za panya zilizoondolewa beta-aktini, BRG1, ambayo ndo injini ya BAF, inashindwa kukaa kwenye sehemu zake nyingi na chromatini inabadilika.

Mlangoni mwa kiini weka watu wawili, protini za kubeba mizigo. Importini-9 anaingiza haragwe akisaidiana na protini kofilini, eksportini-6 analitoa likiwa na protini profilini. Usikae sana hapa.

Mwisho chezesha kinga. Seli T (aina ya limfosaiti) iliyotulia, kamba imebanana. Piga makofi, kipokezi kimeguswa, na BAF aingie kwenye kamba hapohapo, maana mwaka 1998 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwenye limfosaiti inachukua dakika chache tu, na kwenye kazi hiyohiyo ndo aktini ikakutwa ndani ya BAF.

Halafu waambie wakunje mikono ya mashati watafute kovu la BCG begani. Chanjo ile ni ya kifua kikuu, ila monositi (chembe nyeupe nyingine za kinga) za aliyechanjwa zinabaki na vibango vya methili kwenye lisini ya nafasi ya 4, kwenye jeni kama za TNF na IL-6, protini za kuamsha kinga, zikikutana na mdudu mwingine kabisa zinawaka haraka. Atatokea mmoja aulize, mwalimu si ulisema monositi haiishi muda mrefu? Mpe soda huyo, kauliza la maana. Alama ziko pia kwenye seli mama za uboho, ndo maana monositi mpya zinazaliwa zimeshafundwa.

Vizibo usitupe, darasa lijalo utavihitaji, na maharage yahesabu, kwangu huwa yanapungua.