Nunca ikae wapi kwenye sentensi ya Kihispania

Mnaojifunza Kihispania hapa Kigoma, angalieni nunca (“kamwe”) inakaa wapi. Ikitangulia kitenzi, no (neno la kukanusha) haihitajiki: Nunca como dagaa, yaani “sili dagaa kamwe”. (Uongo mtupu kwa mtu wa Kigoma, lakini twende nayo.) Ikija nyuma, lazima no itangulie kitenzi: No como dagaa nunca. Kusema Como dagaa nunca ni kosa, hata kama utaeleweka.

Mañana ni nyepesi. Kesho ukiwa na safari ya Ujiji, wakati uliopo unatosha: Mañana voy a Ujiji, kama tunavyosema “kesho naenda”. Njeo ya wakati ujao haina haraka. Kwa jana ni habari nyingine: Ayer fui a Ujiji. Hiyo fui (“nilienda”) ikaririni tu, haifanani na ir (“kwenda”) hata kidogo.