Kukagua mitego ya fuko: mara ngapi kwa siku, na saa ngapi

Wengi wanaoniita shambani niwategee fuko huwa wameshatega wenyewe kwanza. Mitego yao si mibaya. Waliitega jioni walipotoka kazini, wakairudia kesho kutwa, wakakuta mkebe wa mtego umeshindiliwa udongo na fuko yuko tuta la pili anamalizia viazi. Walichokosea ni saa tu.

Jibu langu ni hili: mtego wa kitanzi ukaguliwe mara tatu kwa siku. Ukishindwa, mara mbili. Kama huwezi kurudi kabla ya giza la siku hiyohiyo, usiutege.

Nazungumzia fuko wa nyanda za juu za Kenya, yule Wakikuyu wanamwita "huko", mwenye meno ya rangi ya chungwa yanayotokeza hata akifunga mdomo. Ukitazama video za wategaji wa Uingereza, kumbuka kwamba fuko wao ni mnyama mwingine kabisa. Anakula minyoo, kiazi hana haja nacho, na hufanya kazi kwa zamu za saa chache usiku na mchana. Mtego wao wa chuma humbana akafa papo hapo, ndiyo maana wengi wao hupita mara moja kwa siku. Ratiba hiyo usiihamishie kwenye mtego wetu wa ufito na waya.

Hatua ya 1: Shika saa zake

Fuko wetu anakaa sana kiotani. Kwa miaka niliyofanya kazi hii, mitego yangu hufyatuka zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa moja jioni. Usiku amelala. Kwa hiyo mtego wa saa kumi na mbili jioni unakesha bure: ufito unazoea kupinda na kupoteza nguvu, umande unalegeza uzi, na asubuhi fuko anapoamka anakutana na kitu kilichochoka.

Hatua ya 2: Hakikisha njia ina mwenyewe

Jioni, sawazisha marundo yote ya udongo kwa jembe. Kesho yake mchana, rundo jipya lenye udongo laini na unyevu ndilo la kufuata. Chimba kando yake hadi ukute njia yake ya chini ya ardhi, iache wazi, uondoke. Fuko hapendi mwanga wala upepo nyumbani kwake, atakuja kuziba. Ukirudi baada ya saa moja au mbili ukute pamezibwa, hapo ndipo pa kutega kesho yake asubuhi. Pakibaki wazi hadi jioni, tafuta njia nyingine.

Hatua ya 3: Tega kabla ya saa nne

Wengi mnaujua mtego huu, sitauchambua sana. Mkebe uliotobolewa pande zote mbili, au kipande cha bomba, unalala ndani ya njia. Kitanzi cha waya kimefichwa mdomoni. Uzi wa katani unakingama katikati, na juu ya ardhi kuna ufito uliopindwa. Fuko akija kuziba anaukuta uzi, anaukata kwa meno, ufito unanyooka na kitanzi kinambana. Kata ufito mbichi kila asubuhi. Wa jana ni kuni.

Funga kitambaa chekundu kwenye kila ufito na uhesabu mitego kabla ya kuondoka. Mimi sizidishi kumi na miwili, kwa sababu ndiyo ninayoweza kuizunguka bila kukimbia. Mtu akikuambia ametega hamsini, muulize hukagua mingapi.

Hatua ya 4: Mizunguko mitatu

Wa kwanza saa saba mchana, wa pili saa kumi, wa tatu saa kumi na mbili na nusu kabla giza halijaingia. Tembea polepole, maana fuko anasikia kishindo kupitia ardhi kuliko tunavyodhani. Simama mbali kidogo uusome ufito kwanza.

Ufito ukiwa bado umepinda, pita. Usiinue mkebe kuchungulia. Kila ukiugusa unaacha mwanga uingie.

Ufito ukiwa umenyooka na kitanzi ni kitupu, uzi ulikatwa lakini waya haukumshika. Mara nyingi kitanzi kilikuwa kipana mno au hakikugusa ukuta wa mkebe. Rekebisha, utege tena hapohapo. Bado ana hamu ya kuziba.

Mkebe ukijaa udongo na uzi ni mzima, alisukuma udongo kutoka mbali bila kufika. Hapa ndipo mzunguko wa saa saba unapolipa. Ukiugundua mapema, unasafisha na kusogeza mtego kiasi cha hatua mbili kwenye njia ileile, na bado una mchana mzima. Ukiugundua kesho, umepoteza siku.

Akiwa amenaswa, huenda yu hai. Kitanzi kikimshika kiunoni badala ya shingoni, anaweza kuteseka muda mrefu. Mmalize mara moja kwa pigo moja la rungu kisogoni. Usimshike kwa mkono mtupu. Meno yanayochimba ardhi ngumu hayashindwi na kidole.

Siku moja nilienda mazishini nikaacha mitego minne shambani kwa mzee mmoja Kinangop. Niliporudi siku ya pili, siafu walikuwa wameacha ngozi na meno. Sisi hulipwa kwa kila fuko. Mzee aliitazama ile ngozi akaniuliza, "Kijana, hii nayo nilipie?" Sikuwa na jibu. Mbali na siafu kuna mbwa na nguchiro, nao hawangoji ratiba yako.

Hatua ya 5: Mvua na usiku

Mvua kubwa ikinyesha, kagua mara tu inapokatika, kwa sababu uzi ulioloa unavutika na njia hujaa maji. Mzunguko wa jioni ukiisha, fyatua kila mtego kwa mkono. Wengine huiacha hadi asubuhi, lakini mimi nimechoka kukuta paka wa jirani.

Hatua ya 6: Ukishamnasa

Fuko wa huku anaishi peke yake, isipokuwa mama mwenye watoto. Basi mmoja kwa kila mtandao wa njia anatosha. Toa mtego, acha njia wazi siku nzima, na uikague kesho yake na siku inayofuata. Ikizibwa, ulikuwa na mama na watoto, au jirani ameingia nyumba tupu. Tega tena.

Walio kusini magharibi mwa Tanzania wasiifuate hatua hii. Huko kuna fuko wanaoishi kwa ukoo shimo moja. Ndio ambao wanasayansi waliwapa mwaka 2006 jina la Fukomys, kutokana na neno letu hili hili. Kwao unamtoa mmoja, unatega palepale, na unaendelea na mizunguko yako mitatu mpaka njia ikae wazi siku mbili mfululizo.

Kabla ya kuondoka, hesabu vitambaa vyekundu. Vikipungua, rudi ukatafute. Waya uliosahauliwa kwenye tuta utamshika mguu ndama.