Superman II: namna ya kuitazama na kuipima bila kuionea

Ukiuliza watu kuhusu filamu ya Superman II, wengi watakupa jibu la mkato. Wengine watakuambia inaishinda ile ya kwanza, wengine kwamba ni vichekesho vitupu. Kazi yangu ni kukata na kuunga picha za video, na kwa jicho hilo nasema pande zote mbili zina haki, ila kila upande unazungumzia filamu yake. Ndani ya hii ya 1980 wamo waongozaji wawili. Usipojua nani alisimamia kamera wapi, utamsifu asiyehusika na kumlaumu asiye na kosa.

Anza na historia kidogo. Richard Donner alianza kupiga filamu ya kwanza na ya pili kwa pamoja mwaka 1977. Muda ukambana, ya pili ikawekwa kando ili ya kwanza iwahi kutoka Desemba 1978, ingawa tayari sehemu kubwa ya hii ya pili ilikuwa imeshapigwa. Ya kwanza ikapasua soko. Lakini Donner na watayarishaji, akina Salkind, walikuwa hawaivi chungu kimoja, wakamwondoa. Akaletwa Richard Lester, akarudia mengi na kuongeza ya kwake, na jina la muongozaji unalolisoma pale mwanzo ni lake peke yake.

Mara ya kwanza tazama hadithi tu, usijisumbue na mengine. Mara ya pili ndipo utafute mshono kati ya kazi za waongozaji hao wawili.

Alama nyepesi kuliko zote ni Gene Hackman. Donner alipoondolewa, naye akakataa kurudi. Kwa hiyo kila unapouona vizuri uso wa Lex Luthor, adui wa Superman anayeigizwa na Hackman, hiyo ni picha ya Donner. Ukimwona Lex amekupa mgongo, au yuko mbali na sauti yake si ile uliyoizoea, simamisha picha uangalie: huyo ni mtu mwingine aliyevalishwa nguo zake, na sauti ni ya mwigaji. Alama nyingine ni Margot Kidder, anayeigiza Lois Lane, mpenzi wa Superman. Kati ya awamu mbili za upigaji palipita muda, na mwili ukabadilika. Angalia mashavu na nywele za Lois Lane: mara amejaa, mara amekonda, tena ndani ya hadithi ya siku chache tu. Mwanga nao unasema. Geoffrey Unsworth, mpiga picha wa Donner, alifariki 1978, na picha za Lester zilizofuata chini ya Robert Paynter ni bapa zaidi, kamera imetulia, watu wamepangwa mbele yako kama kwenye ukurasa wa katuni. Kuhusu muziki, weka hedifoni. John Williams hakurudi. Ken Thorne alizichukua tuni zake akazipanga upya, na utasikia zimepungua unene.

Sasa pima. Upande wa nguvu, mtazame Terence Stamp kwanza. Akiwa Jenerali Zod, adui mkuu wa filamu hii, hapigi kelele. Ana uwezo wa kubomoa mji, lakini usoni amechoshwa, kana kwamba dunia nzima imemkawiza. Kipande cha kurudia mara kadhaa ni kile cha Ikulu ya Marekani. Mtu mmoja anajitokeza kama rais na kupiga magoti. Zod anamtazama tu, kisha anasema huyu si rais, kwa sababu mtu anayeongoza watu wengi namna hiyo hawezi kupiga magoti upesi hivyo. Rais wa kweli ndipo anasimama. Hakuna kofi wala mlipuko, na bado unamwogopa kuliko wakati wa mapigano. Waandishi wengi wa maadui wa siku hizi wangefaidika na dakika hiyo moja.

Nguvu ya pili ni Christopher Reeve, Superman mwenyewe, akiwa hana nguvu. Clark, jina lake la maisha ya kila siku, amekubali kuwa mtu wa kawaida kwa ajili ya Lois, wanaingia mgahawani, na dereva mmoja mkorofi anamchapa. Usiangalie ngumi. Angalia mkono unapogusa mdomo, kisha macho yanapoiona damu. Mshangao unatangulia maumivu. Hajawahi kuiona damu yake, na Reeve anakuonyesha hilo bila hotuba. Sisi tuliokua tukijua stelingi hafi, hapo ndipo moyo unaposhtuka.

Upande wa udhaifu, nenda moja kwa moja kwenye pambano la Metropolis, mji wa hadithi hii. Zod na wenzake wanapuliza upepo, magari yanaruka, watu wanaburutwa barabarani, na katikati ya balaa hilo mmoja anaendelea kuongea na simu huku mwingine aiskrimu inamrukia usoni. Huo ni mkono wa Lester. Anajua kuchekesha, sikatai, ila hapa anachekesha juu ya watu ambao tunatakiwa kuwahofia maisha. Hofu yote iliyojengwa pale Ikulu inavuja.

Halafu kuna nguvu zinazoibuka kutoka hewani. Kwenye kasri lake la barafu Superman anabandua herufi ya kifuani na kuirusha kama karatasi ya plastiki. Anatokea mahali pengi kwa wakati mmoja. Mwisho anambusu Lois na kumfutia kumbukumbu. Kipimo changu ni hiki: je, uwezo huo tuliuonyeshwa kabla haujahitajika? Linganisha na kile chumba cha mwanga mwekundu. Tulimwona akipoteza nguvu ndani yake, kwa hiyo anapokigeuza ili mwanga uwapokonye nguvu walio nje, tunakubali mara moja. Anapiga magoti mbele ya Zod, anashika mkono alionyooshewa, na tunasikia mifupa ikivunjika. Nyumba ni ile ile, dakika chache tu zinatenganisha upuuzi na ufundi.

Lipo pengo moja ambalo si kosa la muongozaji yeyote. Nguvu zinarudije? Toleo la 1980 linakuonyesha fuwele ya kijani, kisha linakimbia. Donner alikuwa amempiga picha Marlon Brando, anayeigiza baba yake Superman, akitoa nishati yake ya mwisho kumrudishia mwanawe. Brando alikuwa na fungu katika mapato, watayarishaji wakamtoa kabisa, na Susannah York, mama, akachukua maneno. Udhaifu huo uandike kwenye daftari la wahasibu.

Ukimaliza, tafuta toleo la Donner lililotoka 2006, dakika 116 badala ya 127. Brando amerudishwa. Lois anapomfichua Clark, Lester anamfanya Clark ajikwae na kutumbukiza mkono motoni. Kwa Donner, Lois anampiga bastola, na baada ya kukiri anaambiwa zilikuwa risasi baridi. Kipande hicho kimeungwa kutokana na picha za usaili, ndiyo maana mwili na nywele za Reeve vinabadilika kati ya mkato na mkato. Bado ni bora, kwa sababu Lois ni mwandishi wa habari na hapo ameifanya kazi yake.

Mwisho wake ndio ninaoukataa. Dunia inazungushwa nyuma, jambo tulilokwisha kuliona kwenye filamu ya kwanza, na yote yanakuwa hayajatokea. Kisha Superman anarudi mgahawani kumchapa yule dereva, ambaye kwa hesabu hiyo hajamgusa mtu. Ukifika hapo, zima, urudi toleo la 1980 kwa dakika za mwisho. Busu lile halina maelezo, lakini angalau dereva bado ana deni.