Usaili wa chuo cha famasia Marekani: jiandae hivi

Ukiitwa kwenye usaili wa PharmD, yaani shahada ya ufamasia ya Marekani, ujue alama zako zimeshawaridhisha. Mtihani wa PCAT, ule wa kujiunga na vyuo vya famasia, ulifanywa mara ya mwisho Januari 2024, kwa hiyo mazungumzo ya siku hiyo yana uzito wake.

1. Soma upya fomu yako ya PharmCAS (mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vya famasia), neno kwa neno. Maswali mengi hutoka humo. Uliandika kwamba ulijitolea famasi? Utaulizwa uliona nini, na "niliwahudumia wateja" si jibu.

2. Jibu la "kwa nini famasia?" liwe na kazi ndani yake. Kupenda kusaidia watu, hata zimamoto wanapenda. Tafuta mfamasia wa hospitali, akueleze anavyopiga hesabu ya dozi ya vancomycin, dawa ya kuua bakteria, kwa mgonjwa mwenye figo dhaifu, kisha anampigia daktari kumshauri ipunguzwe.

3. Zoea MMI (Multiple Mini Interview), usaili wa vyumba vingi vifupi vifupi. Hii ndiyo inayowatoa watu jasho. Ilianzia Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, na vyuo kadhaa vya famasia vimeichukua. Unasimama mlangoni, unasoma kisa kwa dakika kama mbili, unaingia, unaongea dakika chache, kengele inalia, unahamia chumba kingine.

Mfano: mteja unayemfahamu anataka oxycodone, dawa kali ya maumivu inayoleta uraibu, kabla ya siku yake ya kuchukua nyingine, anasema vidonge vimemwagikia kwenye sinki. Hapo hawakupimi sheria. Wanaangalia kama utamsikiliza, utamuuliza maumivu yakoje, utatazama kumbukumbu za jimbo za dawa zinazodhibitiwa, kisha utampigia daktari wake. Anayemwita teja kabla hajamsikiliza amejimaliza. Anayempa kwa huruma vilevile. Na ukiboronga, usibebe: chumba kinachofuata kina msaili mwingine, hajui ya nyuma.

4. Sema "mimi". Tumelelewa tusijisifu, basi kila kitu ni "tulifanya, tulisaidia", na msaili anabaki hajui wewe ulifanya nini. Mtazame usoni pia. Kuinamisha macho, ambako kwetu ni adabu, huko anaweza kukuona huna hakika.

5. Kama ni kwa Zoom: mwanga mbele yako, simu kimya. Basi.

MASWALI YENU

Dada, shikamoo. Lafudhi yangu ni nzito, itaniangusha?
Marahaba. Lafudhi haina shida, mbio ndiyo shida. Punguza kasi, malizia sentensi.

Niliwahi kuuza dawa Tanzania. Nitaje?
Taja, tena mapema! Simulia ulivyomwelekeza mama dawa mseto ya malaria ya mwanawe: dozi ya pili baada ya muda wa saa nane tangu ya kwanza, kisha asubuhi na jioni hadi siku tatu ziishe, ampe na maziwa au chakula chenye mafuta, asikatishe homa ikishuka. Kumfundisha mgonjwa namna hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Dada, mimi nina shahada ya famasia ya Muhimbili. Kwa nini nianze upya?
Kwa sababu ya miaka, mdogo wangu. Njia ya wafamasia wa nje, ile ya mtihani wa FPGEE, inataka mtaala wa miaka mitano kwa aliyehitimu kuanzia 2003, na wa kwetu ni minne. Wakenya wenye shahada ya miaka mitano waitazame njia hiyo kwanza kabla ya kulipia PharmD.